Tusimchoke mgonjwa wa selimundu anayerudi kila wiki

Katika kila chumba cha dharura kuna wagonjwa ambao wahudumu wanawajua kwa majina. Mmoja wao akiingia mlangoni, muuguzi humtazama mwenzake na kunong'ona: "Huyu tena!" Mimi ni afisa wa kliniki wa miaka mingi, na nakiri kwamba maneno hayo yamewahi kunitoka kinywani.

Simlaumu muuguzi bure. Usiku wa Jumamosi huletewa majeruhi wa bodaboda, waliodungwa visu, na mtoto mwenye degedege, wote kwa pamoja, na zamu ina wauguzi wawili. Tena wapo wanaokuja kwa mafua tu kwa kuwa zahanati ya mtaani kwao hufungwa jioni. Katika hali hiyo, sura ileile ikionekana mara ya tatu kwa mwezi, mhudumu huhisi anachezewa.

Lakini ukiipekua rejista utaona kwamba aghalabu wanaorudi ni watu wenye maradhi ya kudumu: pumu, kifafa, kisukari na selimundu. Hao wa selimundu ndio tunaowatendea vibaya kuliko wote.

Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Hapa Kenya umeenea zaidi Magharibi, Nyanza na Pwani, sehemu zilizozoea malaria. Chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mifupa, kifua au tumbo huuma vibaya sana. Baridi, kiu, uchovu au homa vyaweza kuanzisha maumivu hayo wakati wowote.

Shida ni kwamba maumivu hayapimwi katika maabara. Eksirei yaweza kuwa safi na joto la mwili likawa la kawaida. Mgonjwa aliyeumwa tangu utotoni amejifunza kutopiga kelele. Pengine utamkuta anazungumza kwa simu huku mapaja yanamwuma. Kisha anataja dawa inayomsaidia na kiasi chake, na hapo shaka huanza: huyu ni mraibu wa mofini. Ajabu ni kwamba mgonjwa wa kisukari akitaja insulini na kiasi chake, tunamsifu kwamba anaujua ugonjwa wake.

Mama mmoja aliwahi kuniletea mwanawe wa miaka 18. "Mama, si mlikuwa hapa Jumanne?" nilimwuliza.

"Tulikuwa hapa, daktari. Na mkitupa tena tembe zilezile tutarudi Ijumaa."

Nilimweka kijana bencini muda wa saa 4, nikampa tembe zilezile. Ijumaa alirudi akihema, homa juu, mapafu yameshambuliwa. Hali hiyo huua haraka. Alipona, lakini baada ya oksijeni, kuongezwa damu na siku 9 wodini. Mama yake hakunigombeza, nami ningependa angenigombeza.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Uingereza ilitoa mwongozo mwaka wa 2012 kwamba mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali apewe dawa ya kutuliza katika dakika 30 tangu afike hospitalini. Hata hivyo, ripoti ya wabunge wa huko ya Novemba 2021 ilionyesha kwamba wagonjwa hao bado walikuwa wakidharauliwa katika vyumba vya dharura. Hapa kwetu, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikuweka kikomo cha mara ngapi.

Maoni yangu ni kwamba anayerudi mara ya tatu aonwe na daktari mkubwa zaidi aliye zamu, si na mwanagenzi. Na majina ya wanaorudi yapelekwe kliniki, ili ijulikane nani hapati haidroksiurea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2019, ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vinne barani Afrika, ulionyesha kwamba watoto wanaoimeza hupungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezwa damu na hata vifo. Mgonjwa anayeikosa kwa sababu ya pesa, au kwa sababu hakuna aliyemwambia, ndiye tutakayemwona bencini wiki ijayo.

Nawe msomaji mwenye mtoto wa selimundu, usingoje hospitali ianze. Mwombe daktari wa kliniki akuandikie barua yenye muhuri: ugonjwa, dawa inayomfaa, na kiasi chake. Toa nakala, moja ikae mkobani. Na mtoto akiwa na homa, kifua kikimwuma au pumzi ikiwa fupi, sema hivyo pale mlangoni, kabla hujaonyeshwa foleni.