Gari Likiua Uwanjani, Nani Asimame Kizimbani?

Ndugu zetu wa Ghuba siku hizi mbio za magari wanazo mlangoni. Bahrain ilianza kuandaa Formula One mwaka 2004, Abu Dhabi ikafuata 2009, kisha Qatar na Jeddah 2021. Vijana hujitolea huko kushika bendera na kuzima moto. Mzazi mmoja ameniuliza mimi niliyeko Birmingham: gari likitoka njiani likaua mtu, kijana aliyeshika bendera anaweza kufungwa? Suala ni zuri, na jawabu yake si ya neno moja.

Mji huu wenyewe uliwahi kuwa uwanja wa mbio. Bunge lilipitisha sheria maalumu mwaka 1985, na kuanzia 1986 hadi 1990 barabara za mjini, Bristol Street ikiwemo, zilifungwa kila mwisho wa Agosti ili magari ya Formula 3000 yapite. Mwaka wa kwanza yalishuka mabaki ya kimbunga Charley, mvua ikawa haisemeki, na wasimamizi wakazikatiza mbio kabla ya mwisho wake. Hapo ndipo lilipo shina la jambo letu. Mwenye uwezo wa kusimamisha mbio ndiye atakayeulizwa kwa nini hakuzisimamisha.

Sheria ya Uingereza ina milango mitatu. Wa kwanza ni kuua kwa uzembe mkubwa. Mwaka 1994 majaji wa House of Lords waliuweka wazi katika kesi ya daktari wa kutia usingizi, ambaye hakugundua kwamba mpira wa hewa wa mgonjwa umechomoka. Haitoshi kwamba mtu alikosea. Lazima awe na dhamana juu ya marehemu, aivunje, kifo kitokane na kuvunja huko, na uzembe wenyewe uwe mbaya kiasi cha jopo la raia 12 kuuita jinai. Mlango wa pili ni sheria ya mwaka 2007, inayoshitaki kampuni au taasisi yenyewe. Adhabu yake ni faini, kwani taasisi haina mwili wa kutiwa jela. Wa tatu ni sheria ya usalama kazini ya 1974, ambayo inawalinda hata wasiokuwa wafanyakazi, watazamaji wakiwamo.

Tuone milango hiyo inavyofunguka kwa vitendo. Hillsborough ulikuwa uwanja wa mpira, lakini somo ni lile lile. Waliofariki kutokana na msongamano wa mwaka 1989 ni watu 97. Miaka 30 baadaye, mkuu wa polisi wa siku ile alishitakiwa kwa uzembe mkubwa na jopo likamwachia. Aliyepatikana na hatia alikuwa katibu wa klabu aliyebeba dhamana ya usalama wa uwanja, kwa kosa la sheria ya 1974, akatozwa faini ya pauni 6,500. Watu 97, pauni 6,500. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

Scotland, yenye mahakama zake, iliwapoteza watazamaji watatu katika Jim Clark Rally ya Mei 2014, na mmoja katika Snowman Rally mwaka uliotangulia. Hakuna aliyepelekwa kwenye kesi ya jinai. Pakafanywa uchunguzi wa hadhara, na mwaka 2017 hakimu akaonesha tahadhari ambazo zingeweza kuviepusha vifo vile, hasa mahali pa kuwazuilia watu wasisimame.

Italia ilikwenda njia nyingine. Ayrton Senna alipofariki Imola tarehe 1 Mei 1994, watu sita walishitakiwa: watatu wa timu ya Williams, wawili wa uwanja, na mkurugenzi wa mbio. Mwezi Disemba 1997 wote waliachiwa. Kesi ilifufuliwa na kuzungushwa hadi 2007, mahakama ya juu iliposema kwamba mtambo wa usukani ulivunjika kwa sababu ya marekebisho mabaya, na kwamba Patrick Head, mkuu wa ufundi, alikuwa na dhamana. Lakini muda wa kumhukumu ulikuwa umekwisha pita. Miaka 13, na hakuna aliyefungwa.

Nyinyi wa Ghuba mmezoea diya, na mmezoea kuona jamaa za marehemu wakisamehe. Huku jamaa hawana uwezo wa kufuta jinai. Mashitaka ni ya dola. Wala tangazo la "mbio ni hatari" lililochapwa kwenye tikiti halimwokoi mwandaaji. Tangu 1977 sheria inamkataza mfanyabiashara kujivua dhamana ya kifo kilichotokana na uzembe wake kwa maandishi ya namna hiyo.

Sisi tuna msemo kwamba ajali haina kinga, na tukishausema tunafunga jamvi. Mimi naamini kadari, lakini kadari haikumwandikia mtu asiweke uzio. Nimekuwa karani miaka mingi, na ninajua kwamba kila uzio una karatasi yake: nani alikagua, nani alionya, nani alitia saini baada ya kuonywa. Huyo wa mwisho ndiye wa kuulizwa. Kijana wa bendera aliyefuata mafunzo yake yuko mbali sana na uzembe mkubwa, na kumtia pingu kungewafanya wenzake wote wafunge midomo, na ukweli ukazikwa pamoja na maiti.

Kwa hiyo jawabu yangu kwa mzazi yule ni hii. Kila nchi ina sheria yake, basi ulizeni ya hapo mlipo. Mwanao apate mafunzo na cheti, na ajue bima ya mwandaaji inamfunika au haimfuniki. Akiona watazamaji wamesimama pasipostahili, aripoti kwa maandishi na abakishe nakala yenye tarehe na saa. Nakala hiyo inaweza kumlinda yeye mahakamani. Na ikisomwa kwa wakati, inaweza kumlinda mtoto wa mwenzako aliyesimama penye kona.