Vyoo vya kazini Mtwara wakati wa msimu wa korosho



Msimu wa korosho unapofunguliwa Oktoba, idadi ya watu wanaofanya kazi katika maghala ya Mtwara hubadilika ndani ya wiki chache, lakini idadi ya vyoo haibadiliki. Ghala ambalo Julai lilikuwa na mlinzi, karani na mtunza ghala hupokea makuli wa kupakua malori, wapima, wachambuaji, madereva na matingo wao, bila kuwasahau mama lishe wanaopika nje ya geti. Wote hao huelekezwa kwenye matundu mawili yaliyojengwa kwa ajili ya watu watatu. Mara nyingi Novemba haiishi kabla tundu moja halijaziba na la pili halijatiwa kufuli.

Lawama kwa kawaida huangukia watumiaji. Husemwa kwamba vibarua hawana ustaarabu, kwamba wengine wametoka vijijini, kwamba ukiwapa kizuri watakiharibu. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwa sababu kibarua huyohuyo anaporudi kwake Chikongola au Naliendele huacha choo cha nyumba ya kupanga kikiwa safi, ingawa hutumiwa na familia nne. Choo cha kazini huchafuka kwa utaratibu unaojulikana. Kwanza maji huisha. Anayefuata hana cha kumwagia, basi huacha alichoacha. Wa tatu, kwa kuogopa kugusa, hukanyaga pembeni. Kama ni choo cha kukaa, hupanda na viatu, na alama za soli hubaki kwenye ubao wa kukalia. Wa nne hageuki hata kutazama, anapitiliza nyuma ya ukuta kwenye mikorosho.

Kiini cha jambo, basi, ni hesabu ya maji, na hesabu hiyo hufanywa mara chache. Choo cha kumwagia kwa kopo hutumia lita 2 hadi 3 kwa mtu mmoja. Kujisafisha huchukua lita 1 hivi, na kunawa mikono ipasavyo karibu lita nyingine. Katika pwani hii, ambako watu wengi hawakubali karatasi ichukue nafasi ya maji, hizo ni kama lita 5 kwa kila anayeingia. Watu 80 wakiingia mara mbili kwa siku wanahitaji lita 800. Pipa la lita 200 linalojazwa alfajiri linakauka kabla ya chai ya saa 4, na flashi ya mtindo wa zamani, inayomeza lita 9 au zaidi kila inapovutwa, ingelimaliza mapema zaidi. Bango la "Mwaga maji baada ya kutumia" likibandikwa juu ya pipa tupu huwa kejeli, hata kama aliyelibandika hakukusudia hivyo.

Bomba likikatika, pengo huzibwa kwa kisima. Visima vifupi vya karibu na ufuko hutoa maji yenye chumvi: sabuni ya mche inakataa kutoa povu, koki za chuma zinashika kutu, na ukoko wa chokaa unajijenga kwenye sinki mpaka linageuka njano. Njano hiyo haitoki kwa brashi, hivyo mfanya usafi huishia kutumia asidi. Hapo pana hatari ambayo wengi hawaelezwi: asidi ikikutana na jiki, hewa ya klorini hutoka, na katika chumba kisicho na dirisha inatosha kumlaza mtu hospitalini. Anayefanya kazi hiyo mara nyingi ni mama aliyeajiriwa kupitia kwa mzabuni, asiye na buti wala barakoa, mwenye dekio moja na ndoo moja. Dekio hilohilo likitoka chooni huingia chumba cha chai.

Kwenye ubanguaji mambo ni mazito zaidi. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Wabanguaji, ambao wengi wao ni wanawake, hukinga mikono kwa majivu au mafuta ya nyonyo, na wenye bahati hupewa glovu. Mwenye mafuta hayo vidoleni akiingia msalani bila kunawa hujiunguza mahali ambapo ataona haya hata kumweleza nesi. Kwa hiyo mbanguaji anahitaji kunawa mara mbili, kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Ndoo ya kunawia, hata inapokuwepo, huwekwa ndani, nyuma ya mlango ambao mkono wenye mafuta ni lazima uushike kwanza. Koki moja ya nje yenye sabuni ingemaliza tatizo hilo, nayo haizidi bei ya magunia machache matupu.

Jambo hili halimwishii mbanguaji. Punje ikishatoka kwenye ganda hupita mikononi mwa wanaomenya na wanaopanga madaraja, kisha hufungwa na kuliwa na mtu ambaye hataiosha. Kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takribani theluthi moja. Sabuni inayowekwa kwenye kabati la ofisi ili isiibwe haipunguzi chochote. Mnunuzi wa nje hukagua unyevu, ukubwa na rangi ya punje, na wenye viwanda hugharimia mashine kwa ajili ya hayo. Ni vigumu kuona kwa nini choo cha mmenyaji kihesabiwe kuwa hisani wakati nacho ni sehemu ya mnyororo huohuo.

Wanawake wanabeba mzigo mwingine. Palipo na tundu moja la wote, au mlango usio na komeo, wengi hujizuia kunywa maji tangu asubuhi, katika joto la Novemba linalopita nyuzi 30. Kubana mkojo kutwa nzima na kukosa maji mwilini huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo baadaye huhesabiwa kuwa utoro kazini. Pasipo na ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya taulo za kike, taulo hutumbukizwa kwenye sinki, chemba huziba, na kuita gari la kunyonya maji taka hugharimu mara nyingi ya bei ya ndoo.

Maofisini hali ni nafuu, ingawa huko kuna ugonjwa wa ufunguo. Choo kizuri hufungwa kwa ajili ya wakubwa, ufunguo hukaa kwa katibu muhtasi, na mwananchi aliyepanga foleni tangu saa 2 huambiwa avuke barabara akaombe mgahawani. Kwenye mialo ya samaki, kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma, tatizo ni la ardhi: maji ya chini yako karibu, na wakati wa bamvua shimo la kawaida hujaa na kufurika. Huko choo hakina budi kuinuliwa juu ya usawa wa ardhi na shimo lake kujengewa kuta zisizovuja, la sivyo kinarudisha uchafu kwenye mchanga wanapoanikia dagaa.

Nchi hii imewahi kuhamasisha watu wengi kuhusu vyoo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo. Zote mbili zililenga zaidi kaya, nazo zilistahili, lakini mahali pa kazi pakabaki katikati: si nyumbani kwa mtu, wala si mali ya mtaa. Viwanda vya korosho vilivyojengwa na serikali kuanzia miaka ya 1970, ambavyo vilifika 12, vingi viliacha kubangua na majengo yake kugeuzwa maghala. Jengo likishakuwa ghala, kinachotunzwa ni paa na makufuli, maana choo hakihifadhi korosho.

Sheria haina pengo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na vinavyofaa, vitunzwe kwa usafi, na vya wanaume vitenganishwe na vya wanawake. Mahali pa kazi panapaswa kusajiliwa OSHA, wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo. Maofisa afya wa halmashauri nao wana mamlaka chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Kinachokosewa ni wakati wa kukagua. Ghala likikaguliwa Juni litaonekana safi, kwa kuwa halina watu.

Ukaguzi unaofaa ungegawanywa mara mbili. Wa kwanza ungefanyika Septemba, na mwenye ghala angetakiwa kutaja idadi ya juu ya watu anaowatarajia kwa siku moja, wakiwemo wasio kwenye orodha yake ya mishahara, kisha kuonyesha matundu na simtanki zinazolingana na idadi hiyo. Wa pili ungekuja Novemba bila taarifa, ikiwezekana saa 8 mchana, na mkaguzi angeanza kwa kufungua koki. Baada ya hapo angeangalia kama milango iko wazi na ina komeo kwa ndani, kama sabuni iko nje na si kabatini, kama kuna taa kwa wanaopakia malori usiku, na kama mfanya usafi ana buti, glovu na dekio la chooni pekee. Ghala lisilotimiza hayo lingezuiwa kupokea mzigo hadi litimize. Muda wa saa 24 unatosha kuleta simtanki na boza la maji kutoka mjini.

Msomaji,
Shangani, Mtwara