Basi la usiku lafika Tabora. Msafiri wa peke yake alale wapi?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

ABIRIA anayeshuka Tabora saa tisa usiku akiwa na begi mgongoni, asiye na mwenyeji wa kumpokea, wala msiba, harusi au kikao cha kikazi kilichomleta, ni mgeni wa aina mpya katika mji huu. Zamani hakuonekana mara nyingi, kwa kuwa mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kukesha barabarani. Sasa yanaruhusiwa, na barabara yenyewe ni ya lami.

Mambo mawili ndiyo yaliyoleta mabadiliko hayo. Mei 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kipande cha barabara cha Nyahua hadi Chaya chenye urefu wa kilomita 85.4, ambacho ndicho kilichokuwa kimebaki bila lami kati ya Tabora na Manyoni. Tangu hapo basi la kutoka Dar es Salaam halilazimiki tena kuzunguka kwa Singida na Nzega ndipo liingie Tabora. Mwaka uliofuata, Juni 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangazia Bunge kuondolewa kwa katazo la mabasi kusafiri usiku, katazo lililokuwa limedumu kwa takriban miaka 30. Ilipofika Oktoba mwaka huo, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaanza kutoa leseni za safari za saa 24.

Kwa pamoja, hatua hizo zina maana kwamba mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuvuka nusu ya nchi peke yake kwa tiketi moja. Kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA Desemba 2023, ambavyo viliweka kikomo cha shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria wa daraja la kawaida, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hadi hapa ilifikia kiasi cha shilingi 40,000. Barabara imeshughulikiwa, nauli imeshughulikiwa, na mabasi yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo wake. Kilichosahauliwa ni kitanda cha mwisho wa safari.

Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Tabora ni mji uliojengwa na wapita njia. Karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ukielekea Ujiji haukuweza kuukwepa. Waingereza Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani Juni 1857, walitumia siku 134 kufika Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, wakaingia Novemba 7 na kutunzwa na mfanyabiashara wa Kiarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Henry Morton Stanley alifikia Kwihara Juni 1871. Alirudi hapo na Dk. David Livingstone Februari 1872, na alipoondoka mwezi uliofuata, Livingstone alibaki katika tembe hilo hadi Agosti, akiwasubiri wapagazi ambao Stanley alikuwa amwagizie kutoka pwani. Huyo ni mgeni aliyelala mahali pamoja kwa miezi sita kwa sababu tu usafiri haukuwa umefika!

Katika zama hizo hakuna aliyesafiri peke yake. Kijana wa Kinyamwezi aliyetaka kuiona pwani alijiunga na msafara, akabeba mzigo, akafuata ngoma ya kirangozi na kulala kambini pamoja na wenzake. Upweke njiani ulikuwa hatari: palikuwa na vita, palikuwa na njaa, na katika nchi ya Ugogo palikuwa na hongo ambayo mtu mmoja asingeweza kuijadili. Msafara wenyewe ndio uliokuwa nyumba ya msafiri. Leo msafara haupo tena, amebaki mtu mmoja na begi lake. Swali ni nani amechukua nafasi ya kambi.

Sehemu ya jibu inapatikana Kipalapala, kusini mwa mji wa Tabora, mwendo mfupi kwa bodaboda. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawafahamu kwa jina la White Fathers, walifika na kuweka kituo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1880, katika zama za Mtemi Isike wa Unyanyembe. Baadaye pakajulikana nchi nzima kwa seminari kuu na kwa mitambo ya uchapaji ya TMP, ambayo vitabu vyake vilisambaa katika parokia za Tanganyika nzima. Kwa miaka mingi palikuwa pia na shule ya Kiswahili, ambako wamisionari vijana kutoka Ulaya na Amerika walipelekwa kujifunza lugha kabla ya kutawanywa katika majimbo. Wengi wao walifika kwa treni na masanduku yao, hawajui hata kuomba maji ya kunywa, na miezi kadhaa baadaye wakaondoka wakiwa na uwezo wa kuhubiri.

Mahali pa namna hiyo hapawezi kukosa vitanda. Popote nchini palipo na seminari, chuo cha kanisa au makao ya jimbo, ipo nyumba ya wageni, ambayo kwanza ni kwa ajili ya mapadri, masista na wanasemina, na kisha, nafasi ikiwapo, kwa mpita njia yeyote anayejieleza vizuri. Dar es Salaam msafiri mwenye kipato kidogo anazifahamu YMCA, YWCA, Luther House na hosteli ya Baraza la Maaskofu kule Kurasini. Tabora Wamoravian nao wamekuwa na hosteli yao. Chumba huwa safi, chandarua hakina matundu, geti hufungwa mapema, na chai ya asubuhi hupatikana kabla ya basi kuondoka. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, geti hilo lina thamani kuliko televisheni na kiyoyozi.

Hata hivyo, nyumba hizi hazijitangazi. Hujulikana kwa kuambiwa. Anayezifahamu ni yule aliyesoma shule za misheni, au mwenye shangazi sista, au mgeni wa Kizungu aliyesoma kitabu cha mwongozo. Kijana wa Mbeya anayetaka kuiona Kwihara hana habari kwamba Kipalapala au kwingineko anaweza kupata malazi ya heshima kwa bei anayoimudu. Aidha, geti linalofungwa mapema halifunguki saa tisa usiku, na wenye nyumba hawalaumiki kwa hilo. Walijiwekea ratiba yao wakati mabasi yote yalikuwa yakilala.

Kinachobaki ni gesti. Na hapa inafaa kuwa wakweli, maana gesti za Kitanzania zinadharauliwa kupita kiasi. Anayelinganisha ataona kwamba gesti ya kawaida humpa msafiri chumba chake mwenyewe, chenye mlango na ufunguo, kwa fedha ambayo katika hosteli za watalii za Zanzibar au Arusha ingempatia kitanda kimoja tu cha juu ndani ya chumba cha watu wanane. Ukiangalia fedha peke yake, Tabora haina upungufu.

Upungufu uko katika namna mgeni anavyopokewa. Gesti zetu zilijengwa kwa ajili ya watu ambao safari zao zinaeleweka: mfanyabiashara wa karanga au asali, mtumishi aliyehamishwa, ndugu wa mgonjwa, dereva wa lori. Daftari la wageni linataka jina, kabila, kazi, ulikotoka na uendako. Mtu anayeandika kwamba amekuja kutembea tu humwacha mhudumu akiwa ameshika kalamu, hajui aandike nini. Akiwa mwanamume, atadhaniwa kuwa anakimbia kitu. Akiwa mwanamke, ataulizwa, “Dada, uko peke yako?” na swali hilo si la kumjali kila mara. Wapo wenye nyumba wanaomhesabu mwanamke wa peke yake kuwa amefuata biashara nyingine, na wapo wapangaji wa vyumba vya jirani wanaodhani hivyo hivyo na kugonga mlango. Wanawake wanaosafiri sana kwa mabasi wana mbinu zao: hutaja mume hata kama hawana, huchagua nyumba isiyo na baa, huomba chumba kilicho karibu na mapokezi, na hukagua komeo kabla ya kulipa. Kwamba mbinu hizo zinahitajika ni jambo ambalo maofisa utamaduni na utalii wa halmashauri wangepaswa kulijadili mara kwa mara.

Aidha, katika gesti nyingi hubandikwa tangazo linalokataza watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja. Vijana wawili waliofahamiana ndani ya basi na kutaka kuchangia gharama hulazimika kulipia vyumba viwili. Hosteli, kwa maana inayotumika kwingine duniani, inasimama juu ya jambo hilo hilo ambalo tangazo linalikataza: watu wasiofahamiana kulala bweni moja, wanaume kwao na wanawake kwao, kila mmoja na kabati la kufungia vitu vyake. Kwa Mtanzania wa kawaida neno hosteli lina maana ya mahali wanapoishi wanafunzi. Ni vigumu kudai kitu ambacho jina lake tayari limechukuliwa na kitu kingine.

Sera ya utalii nayo haimsaidii msafiri huyu. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895, kutoka 1,527,230 mwaka 2019 kabla ya janga la Uviko-19 na 620,867 mwaka 2020. Ni mafanikio, na yanastahili pongezi. Lakini idadi hiyo humhesabu anayevuka mpaka wa nchi, na sehemu kubwa ya wageni hao huelekea Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Mwalimu wa Songea anayepanda mabasi matatu wakati wa likizo kuja kuliona tembe la Kwihara hayumo humo, ingawa shilingi yake huishia moja kwa moja kwa mama lishe, kwa dereva wa bodaboda na kwa mwenye gesti, bila kupitia kwa wakala yeyote. Mtalii wa begi la mgongoni, awe Mjerumani au Mhaya, hutumia kidogo kwa siku, lakini hukaa siku nyingi na hula anakokula mwananchi. Kwa mji usio na uwanda wa simba karibu na mlango wake, huyo ndiye mtalii anayepatikana.

Na vivutio vipo. Mwaka 2006 Serikali iliiwasilisha UNESCO njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu ili iingizwe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vitazame vituo hivyo kwenye ramani. Vimepangana kutoka mashariki kwenda magharibi, kama vituo vya ratiba ya basi, na mtu mwenye wiki mbili na mguu wa kutembea anaweza kuvipita vyote kwa usafiri wa umma, akibadilisha gari mara kadhaa. Hakuna njia nyingine ya kuielewa historia hiyo inayofanana na kuipita ardhini, saa baada ya saa, huku ukijua kwamba waliopita kabla yako walikuwa na minyororo shingoni au pembe begani. Maembe yanayojaa sokoni Tabora kila msimu ni sehemu ya simulizi hiyo hiyo. Miembe mingi ya mji huu na ya Ujiji inahusishwa na misafara ile.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, Tabora haihitaji hosteli ya kuiga, yenye vitanda vya ghorofa na jina la Kiingereza ukutani. Inahitaji zile nyumba zilizopo ziwekwe wazi. Halmashauri ya Manispaa inaweza kubandika stendi na kituo cha reli orodha ya nyumba za wageni zilizokaguliwa, zikionyeshwa zipi zinapokea mgeni usiku kucha, zipi hazina baa na zipi zina mlinzi. Gharama yake ni karatasi, gundi na ukaguzi wa wiki moja. Taasisi za dini zinaweza kukubaliana kwamba moja kati yao, kwa zamu, iache mlinzi mwenye ufunguo. Chumba cha abiria pale stendi, chenye taa, choo na askari, kingemtosha anayefika saa tisa na kuondoka alfajiri kuelekea Mpanda au Kigoma. Na daftari la wageni lingeweza kuacha kuuliza kabila, swali ambalo halijawahi kumkamata mhalifu yeyote tunayemfahamu.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Reli ya kisasa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ina mikataba ya ujenzi iliyotiwa saini mwaka 2021 na 2022 ya kuifikisha Tabora na kuivusha hadi Isaka na Kigoma. Reli ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1912 ilikuja na hoteli yake, ile ambayo wakazi wanaifahamu leo kama Orion, kwa sababu waliojenga reli walijua kwamba abiria lazima alale. Katika mazungumzo yanayosikika kuhusu reli mpya, hutajwa kasi, mizigo na shehena za Kongo. Vitanda havitajwi, na hoteli ya zamani ya reli si ya mfuko wa msafiri aliyelipa nauli ya daraja la kawaida.