Mazoea ya Afya Hayajengwi kwa Viapo

Kila mwaka mpya unapoingia, wanafunzi wengi wa sekondari hujitungia ratiba. Mistari hupigwa kwa rula, karatasi hubandikwa ukutani juu ya kitanda: kuamka saa kumi na moja, kukimbia, kunywa maji ya kutosha, kusoma, kulala mapema. Majuma mawili yakipita, karatasi ingali ukutani lakini mwenyewe amekwisha kuisahau. Mwalimu husema huo ni uvivu. Mzazi husema ni utoto. Na mwanafunzi, jambo lililo baya zaidi, huamini kwamba hana nia imara. Hukumu hiyo haina msingi katika elimu ya tabia ya mwanadamu, na inafaa iachwe.

Aghalabu kijana huambiwa kwamba jambo lolote likirudiwa siku 21 huwa mazoea. Asili ya hesabu hiyo ni maneno ya Maxwell Maltz, daktari mpasuaji wa Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 aliandika kuwa wagonjwa aliowarekebisha sura walihitaji siku zisizopungua 21 hivi ili waizoee sura mpya. Daktari yule hakupima mazoea ya kunawa mikono wala ya kukimbia. Waliopima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja tu, la kula, la kunywa au la kufanya mazoezi, wakalifungamanisha na tukio lililokuwapo tayari katika siku yao, kama vile kifungua kinywa. Waliandika maendeleo yao kwa majuma 12. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi jambo lile kufanyika bila kulazimishwa. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote alitumia siku 18, na kwa aliyekuwa mzito ilikadiriwa siku 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi, ilhali mazoezi ya viungo yalikawia.

Yapo mambo mawili katika uchunguzi huo ambayo ratiba ya ukutani huyasahau. Kwanza, kila mtu alishika jambo moja, si tisa. Pili, jambo hilo halikuegemezwa kwenye saa ya ukutani wala kwenye nia njema, bali kwenye tukio. Ubongo hujifunza kwa kuunganisha: tukio fulani likitokea, kitendo fulani hufuata; na kiungo hicho kikikaza, mtu hahitaji tena kujishauri.

Watu wa Pwani hawapaswi kuona hili kuwa geni. Adhana ya alfajiri husikika, maji hutafutwa, kinywa husukutuliwa, mikono na miguu huoshwa, na hakuna anayejiuliza kama leo ana hamu ya kufanya hivyo. Neno mswaki lenyewe lilikuwa jina la kijiti cha mti kilichotafunwa ili kusafisha meno, kabla ya viwanda kutuletea brashi za plastiki. Usafi huo haukudumu kwa sababu mababu walikuwa na nia ya chuma. Ulidumu kwa kuwa ulikuwa na mahali pake katika siku, na majirani waliufanya kwa wakati ule ule.

Taifa nalo limewahi kulijaribu jambo hili kwa upana. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 (muda ule ule uliotumiwa London miaka mingi baadaye, ingawa kwa sadfa tu) watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Kilichostahili kuigwa hapo si redio yenyewe. Ni kile kikundi kilichojua siku na mahali pa kukutana, na jirani ambaye angeuliza kama choo kimekwisha kuchimbwa.

Sasa na tutazame Tangini, Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Mji huu una historia ya kutotenganisha elimu na afya: kituo kilichoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki, ambacho tangu mwaka 1970 ni Shirika la Elimu Kibaha, kiliweka shule, huduma za afya na mafunzo ya kilimo mahali pamoja. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Tangini anayesoma shule ya mbali. Huamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi daladala. Jioni kuna masomo ya ziada, kisha kazi za nyumbani, kisha kujisomea, hata akalala saa nne na nusu usiku. Amelala saa sita. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa vijana wa rika lake. Basi kwa siku tano za shule anapungukiwa na saa 10 zisizopungua. Aidha, katika miaka ya kubalehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, kijana akapata usingizi kwa kuchelewa. Kumwambia mtoto huyu ajitunze zaidi ni kumdhihaki. Ratiba inayomwumiza hakuitunga yeye.

Huenda mtu akajibu kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipopimwa, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, hawakufikisha saa 7 za usingizi kwa wastani, nao ni wakakamavu. Ni kweli. Lakini waliopimwa walikuwa watu wazima, tena saa yao ya kuamka haikubadilikabadilika sana, na mchana wao hupita nje kwenye mwanga wa jua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomfanana mtoto wa kidato cha pili anayesinzia daladalani.

Shule, basi, ndiyo yenye kutangulia. Dumu la maji na sabuni likining'inizwa mlangoni mwa choo, palepale mkono unapopita, litafanya kazi kuliko bango la usafi lililo ofisini. Masomo ya ziada yakikatwa hata kwa nusu saa, nusu saa hiyo ni ya usingizi. Na mwalimu wa baiolojia anaweza kulitumia darasa zima kama maabara: kila mwanafunzi achague jambo moja, alifunge kwenye tukio moja la siku, aweke alama daftarini kwa majuma 12, kisha wachore grafu. Daftari zitakuwa na mapengo. Katika uchunguzi wa London, kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Kwa hiyo mwenye pengo asipunguziwe maksi, bali aendelee kesho yake.