MFUNGWA NI NANI? ULIZA KABLA MTAFITI HAJATOA FOMU

Kijana wa Soy, hili linakuhusu hata kama hujawahi kulala seli.

Eldoret, safari ya matatu moja tu kutoka hapo, ni mji wa gereza na pia mji wa utafiti wa afya. Kuna Chuo Kikuu cha Moi, kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi, na kuna kamati yao ya maadili inayopitia tafiti kabla hazijaanza. Ni jambo jema. TB inapenda msongamano, na jela zetu zimejaa. Anayesema watafiti wasikanyage jela kabisa anawanyima wafungwa tiba.

Lakini mfungwa ni nani? Wengi watakwambia ni yule aliyehukumiwa. Sasa mahabusu anayeozea rimandi kwa kukosa pesa ya bondi ni nani? Na mgonjwa aliyejiunga na utafiti akiwa huru, kisha akakamatwa?

Usidhani ni maneno matupu. Mwaka 2010 wagonjwa wa TB kule Nandi, jirani zetu, walitiwa jela ya Kapsabet ati wameacha dawa. Machi 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwafunga vile ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa wa leo anaweza kuwa mfungwa kesho.

Kifungu cha 51 cha Katiba hakibagui: aliyezuiliwa, aliye korokoroni na aliyefungwa wote wanabaki na haki zao, isipokuwa zile zisizowezekana mtu akiwa kizuizini. Basi watafiti nao wawahesabu wote.

Tazama Marekani. Katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia 1951 hadi 1974, daktari Albert Kligman aliwajaribia wafungwa kemikali na dawa kwa vijisenti. Mwaka 1978 serikali yao ikaweka kanuni: mahabusu ni mfungwa pia, utafiti lazima uingie katika mafungu yaliyotajwa, na kamati inayoupitia iwe na mfungwa au mwakilishi wa wafungwa. Kanuni za Mandela za 2015 nazo zinataka ridhaa ya hiari, na faida ya moja kwa moja kwa afya ya anayeshiriki.

Kwa hivyo kila utafiti jela useme uko fungu gani. Unachunguza ugonjwa unaowaumiza wafungwa hasa? Unamsaidia huyu anayetolewa damu? Au umekuja jela kwa sababu watu hawawezi kuondoka? Huo wa mwisho tuukatae wazi.

Ukienda kumwona ndugu yako jela na akakwambia ametia sahihi fomu, muulize: ilisomwa kwa lugha unayoielewa? Askari alikuwa amesimama hapo? Uliambiwa unaweza kukataa na usipoteze chochote? Jibu likiwa hapana, hiyo si ridhaa. Andika, peleka malalamiko kwa kamati ya maadili, na usinyamaze.