Wema kwa Mtu Usiyemjua

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi katika gazeti letu nipate kusema machache mbele ya ndugu zangu wanachama na makarani wenzangu, juu ya jambo ambalo twalisifu sana vinywani, wallakini mezani petu halionekani mara nyingi: nalo ni kumsaidia mtu pasipo kutazamia malipo.

Sisi wa Nyanda za Juu za Kusini hatuna haja ya kufundishwa kusaidiana na watu wa mbali. Pande za Iringa na Njombe, Wahehe na Wabena wanayo kazi ya pamoja iitwayo mgowo: mwenye shamba huwaita majirani, nao huja na majembe yao, na kazi ikiisha hukaribishwa pombe. Pande za Rungwe, Wanyakyusa wa zamani walikuwa na vijiji vya marika. Mtoto wa kiume wa miaka 10 au 11 alitoka nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika lake. Na wakati wa kula walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Uzuri wa kukaa, kula na kuzungumza pamoja waliuita ukwangala. Bibi Monica Wilson, aliyekaa huko na mumewe katika miaka ya 1934 hata 1938, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kikatoka mwaka 1951.

Lakini tuseme kweli. Wema huo ni wema wenye kurudi. Leo nalima kwako, kesho walima kwangu. Na mama aliyewapikia watoto wa wenziwe alijua ya kuwa mwanawe naye atakula kwa jirani. Siyadharau mambo hayo, kwani ndiyo yaliyotulea. Nasema tu ya kuwa yaliwezekana kwa sababu watu walijuana, na kila mmoja alimwona mwenziwe tena kesho. Mjini si hivyo. Mbeya ulianza mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa, na tangu mwanzo ulikuwa mji wa watu waliotoka mbali. Mtu asimamaye mbele ya meza ya karani ametoka Chunya, ama Makete, ama Mbarali. Shamba lake halipakani na letu, na huenda tusimwone tena maisha. Tukishika wema wa kurudi peke yake, mtu huyu hatapata kitu.

Nitatoa mfano, na mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja ya mji huu ambayo sitaitaja, alikuja mjane mmoja mtu mzima, ametoka Makete kwa basi, amechukua karatasi za marehemu mumewe. Nikazitazama, nikaona jina la marehemu katika karatasi moja limeandikwa mbali na lilivyo katika nyingine. Nikamwambia, "Mama, majina hayalingani. Nenda ukarekebishe, kisha urudi." Sikumwambia akarekebishe wapi, wala kwa nani, wala achukue nini. Akasema, "Asante, mwanangu," akatoka. Nami sikuvunja sheria yo yote.

Saa ya chakula cha mchana nalimwona karani mwenzangu, mdogo wangu kwa cheo, ameketi na yule mama katika benchi nje. Kazi ile haikuwa yake. Alikuwa akimwandikia katika kipande cha karatasi: kwanza uende mahali fulani ukaombe hati ya kiapo, uchukue kitambulisho na cheti hiki, kisha urudi hapa, usirudi Makete kwanza. Hazikupita dakika 20. Yule mama akafungua pindo la kanga yake, akatoa shilingi 2,000. Mwenzangu akamrudishia mkononi, akasema, "Mama, hiyo ni nauli yako." Akalala kwa jamaa yake, na kesho yake mchana kazi yake ikaisha. Kama angalifuata maneno yangu, angalipanda basi kwenda kwao bila kujua la kufanya, na kulipa nauli mara ya pili na ya tatu. Nalirudi mezani pangu nimeona haya.

Tangu siku ile nimejifunza kutenga mambo matatu. La kwanza, kumpa mtu haki yake upesi na kwa adabu si wema. Ni kazi tuliyoajiriwa. Adaiye chai kwa kazi hiyo na kusema ya kuwa mkono mtupu haulambwi, anauza mali isiyo yake, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yamhusu. La pili, kumpitisha ndugu yako mbele ya safu si wema pia, kwani gharama yake hulipwa na wale waliosimama tangu alfajiri. La tatu ndilo wema wenyewe: nacho ni kile utoacho katika kilicho chako, yaani mapumziko yako, kalamu yako, na subira yako.

Wako watakaosema, "Ukimsaidia mmoja, kesho watakuja kumi." Nami nawajibu ya kuwa hao kumi watakuja tu. Asiyeelezwa vema huja mara tatu, naye aliyeelezwa vema huja mara moja. Basi ni nani aijazaye baraza yetu? Wengine watasema mshahara ni mdogo. Ni kweli, na madai hayo chama kina haki ya kuyasema. Walakini msaada ninaoutaja hauombi senti moja.

Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, Wakristo na Waislamu waliketi pamoja, ingawa hawakuwa wa ukoo mmoja. Chama kinachosaidia wanachama wake tu ni mgowo mzuri, lakini ni mgowo tu. Kwa hiyo natoa shauri: kila tawi, Mbeya na Iringa, lipange zamu, mwanachama mmoja kila siku aketi nusu saa nje ya mlango, awasomee na kuwaandikia wenye haja, asipokee kitu. Tujaribu miezi mitatu, kisha tusemezane katika mkutano.

Wazee walinena, tenda wema uende zako. Sisi makarani hatuendi popote. Tumeketi, na wanaokwenda zao ni wale tuliowahudumia. Basi wasiende mikono mitupu.

Wasalaam,
Ni mimi mwenzenu,
Karani, Mbeya.