Steringi kafa, kitabu kimebaki!

Sie tuliokulia vibanda vya video tulishakariri: kwenye kauboi, steringi hafi. Basi itafuteni The Book of Eli, picha ya mwaka 2010 ya mapacha Albert na Allen Hughes.

Dunia imeungua kwa vita. Miaka 30 Denzel Washington anatembea kuelekea magharibi, farasi hana, ana panga na Biblia pekee iliyobaki. Anaingia mji wa vumbi, baa imejaa majambazi, bosi wao Gary Oldman. Kauboi mtupu! Hata nyika yenyewe ni ya New Mexico.

Bosi kakalia maji ya mji mzima, bado anataka kitabu. Cha kusalia? Thubutu! Cha kutawalia watu. Anakichukua, anamtwanga Denzel risasi. Kukifungua, lo! Maandishi ya vipofu. Mguu umemuoza, mji unamponyoka, kitabu hakisomeki.

Denzel naye anajikongoja hadi kisiwa cha Alcatraz, anakisema kitabu kizima kutoka kichwani, kinaandikwa neno kwa neno, ndipo anakata roho.

Sasa bisheni: steringi kafa, au hajafa?